Paka wa Baba Mkwe na Sumu Tamu

Jumapili, 25 Agosti

Manyunyu tangu asubuhi. Baada ya ibada tumemleta baba mkwe, Mzee Gunleik, aishi nasi. Alikuja na sanduku moja, kiti chake cha kubembea, na kikapu chenye paka. Paka anaitwa Silke, maana yake hariri, ingawa manyoya yake yanafanana na ufagio uliostaafu. Marehemu mama mkwe ndiye aliyempa jina, na marehemu alikuwa na macho ya huruma.

Nikiri hapa, kwa kuwa daftari halisemi: sijawahi kufuga paka ndani ya nyumba. Kwa wazazi wangu paka alikuwa mtumishi wa zizini, mshahara wake maziwa, malazi yake nje. Lakini tangu tumzike mama mkwe majira ya kuchipua majani, mzee hasemi na mtu. Mimi na Tarald mume wangu anatupa "ndiyo" na "hapana" tu. Ila na paka wake huzungumza. Jioni hii nimemsikia chumbani akimweleza habari za kondoo, kirefu, na paka anamjibu.

Basi nimeelewa kazi yangu. Paka huyu akiondoka, mzee naye ataondoka. Bwana amenipa wawili wa kutunza kwa bei ya mmoja.

Jumatano, 28 Agosti

Tumempeleka Silke kwa Ingunn, daktari wa mifugo, akachomwe sindano ya mwaka. Ingunn ni mwanamke mrefu, mikono kama ya mkata kuni, na hana maneno ya kupamba. Nilimwambia kwa utani kwamba mtu asiyekufa upesi tunasema ana roho ya paka.

"Huo ni uzushi, mama," akasema. "Paka ni mgumu kwa kuanguka tu. Kwa tumbo ni dhaifu kuliko mtoto mchanga. Ini lake halijui kazi ambazo lako linazijua. Una yungiyungi nyumbani?"

"Wakati mwingine, kwenye chombo."

"Hata vumbi la ua hilo likimwangukia manyoyani akajilamba, figo kwisha. Dawa za maumivu?"

"Za mzee. Nyonga inamsumbua."

"Kidonge kimoja cha kawaida kinamuua. Kitunguu hapana. Zabibu kavu hapana. Mafuta ya kunukia hapana. Matone ya kupe ya mbwa, hapana kabisa."

Nilirudi nyumbani, hata koti sikuvua. Kisha nikaingia jikoni na mfuko wa taka.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeokota kidonge cha mzee chini ya meza. Silke alikuwa ameketi karibu nacho akikitazama kama anayewinda mende. Kuanzia leo mzee anameza dawa mbele yangu.

"Mimi si mfungwa," akasema. Maneno matatu. Nikayafurahia.

Jumamosi, 7 Septemba

Dada Margit, kiongozi wa akina mama wa nyumba ya sala, alikuja kumkaribisha mzee. Alikuja na yungiyungi. Shada zima, jeupe, limefunguka, vumbi la manjano linadondoka.

Nilishukuru, nikalitoa moja kwa moja barazani kwenye mvua, nikafunga mlango, nikamfuta Margit mkono wa koti kwa kitambaa chenye maji.

"Dada Aslaug, maua yangu yanafanya nini nje?"

"Yanaua paka."

"Yanaua paka," akarudia, kama anayeonja supu iliyokosa chumvi. "Ni maua ya kanisani."

"Ndiyo. Na kanisani hakuna paka."

Alikunywa kahawa yake akaondoka kabla ya kikombe cha pili, na hapa kwetu kuondoka kabla ya kikombe cha pili ni kusema mengi. Mzee hakufungua kinywa muda wote. Lakini Margit alipotoka nikamwona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Kondoo wameteremshwa mlimani. Nimetenga nyama isiyo na kitunguu kwa ajili ya mnyama. Tumefika huku.

Jumanne, 17 Septemba

Leo nusura. Niliweka shuka kwenye mashine ya kukaushia nguo, nikaenda kupokea simu, nikarudi, mkono tayari kwenye kitufe. Sijui ni nini kilinifanya nifungue mlango tena, au tuseme nadhani najua. Silke alikuwa amelala ndani, katikati ya shuka, amejikunja kama mkate. Niliketi sakafuni nikashukuru kwa sauti. Tarald akatokea mlangoni.

"Unasali na mashine?"

"Nasali mbele ya mashine. Kuna tofauti. Kuanzia leo hakuna anayeiwasha bila kuingiza mkono mpaka ndani."

Tarald ni mtu wa "sawa". Alisema sawa. Amefunga komeo kwenye kabati la sabuni, amepandisha juu dawa ya kuzibulia mabomba, na ameweka wavu kwenye dirisha la chumba cha mzee, lile linalofunguka kwa juu, ili paka asibanwe shingo akijaribu kutoka. Anafanya yote haya kwa ajili ya baba yake na baba yake hamtazami. Hawa wanaume wa ukoo huu wanapendana kama mawe mawili ya ukuta mmoja.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumepanda kwenye kibanda chetu cha mlimani kuchuma matunda ya porini. Mzee alibaki na Silke. Jirani yetu wa huko, Jarle, dereva wa malori aliyeachwa na mke, alikuwa na wageni na muziki mpaka madirisha yetu yakatetemeka. Chupa zimepangwa ukutani kama askari. Alinipungia mkono.

"Jirani, njoo ucheze!"

"Nachuma, Jarle."

"Unachuma tangu nikujue. Njoo upumzike."

Sisi ni watu wa nyumba ya sala. Tone la pombe halijaingia kwetu tangu babu yake Tarald alipookoka. Nilimwombea Jarle nikichuma, ingawa lazima niseme niliomba kwa kukunja uso.

Ijumaa, 4 Oktoba

Likizo ya vuli. Kesho tunafunga kibanda kwa ajili ya baridi. Mzee ametangaza mezani, sentensi nzima: "Nilikijenga mimi. Nakuja kukifunga." Na bila Silke haendi.

Kwa hiyo nimetangulia leo kukikagua. Nimetupa sumu ya panya iliyokuwa nyuma ya jiko. Nimetupa vidonge vya kufukuzia nondo vilivyokuwa kwenye kabati la blanketi. Nimefuta rafu, nimepiga magoti nikatazama chini ya vitanda vyote. Paka huyu sasa yuko salama kuliko waziri mkuu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika kwenye chumba cha kusubiri kwa Ingunn. Nje bado kuna mwanga kidogo. Mzee yuko ndani na paka. Tarald yuko garini na hataki kushuka. Niandike yote, kuliko kukaa bure.

Kufunga kibanda sisi hufanya hivi: unafunga maji, unafungua mabomba yote yatiririke mpaka yakauke, kisha unamimina dawa ya kuzuia kuganda pale ambapo maji hubaki, kwenye kona ya bomba chini ya sinki, kwenye tundu la maji la bafuni, na kwenye bakuli la choo. Usipofanya hivyo, barafu hupasua kila kitu na wakati wa kuchipua unanunua choo kipya. Kila mwenye kibanda anajua.

Kuna dawa ya rangi ya waridi, isiyo sumu, inayouzwa kwa kazi hiyo. Tarald alikuwa ameisahau. Lakini bandani kulikuwa na nusu galoni ya dawa ya rejeta, ile ya gari, ya buluu, imebaki tangu gari la zamani.

"Nishuke dukani?" akauliza.

"Kushuka mlima mzima, na hii ipo?" nikasema mimi. "Mimina hiyo. Kutupa kitu kizima ni dhambi."

Mimi. Niliyepiga magoti chini ya vitanda. Nilimwekea galoni mkononi.

Hata saa haikupita, mzee akaita kutoka sebuleni, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake. "Aslaug, njoo uone. Huyu amelewa."

Silke alikuwa anavuka zulia kwa miguu isiyosikilizana. Alijaribu kuruka kitini akakosa. Mzee alikuwa anacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumsikia kabla sijafikiri. Kisha nikaona kidevu cha paka. Kimelowa, na manyoya meupe ya kidevuni yana rangi ya buluu.

Nilikwenda chooni. Kifuniko kilikuwa wazi.

Ingunn alipokea simu mara moja. Nilimweleza.

"Ile dawa ni tamu, wanaipenda," akasema. "Inageuka sumu ndani ya ini na kuua figo. Amekunywa lini?"

"Hata saa haijatimia."

"Basi tuna nafasi. Usimpe chochote mdomoni. Mlete sasa hivi. Dawa yenyewe ya kuzuia sina, iko mjini, mbali mno. Lakini kuna njia nyingine. Pombe kali. Ini likishughulika na pombe linaiacha ile sumu ipite na mkojo. Namtundikia dripu. Spiriti niliyo nayo hapa ni ya kusafishia, imechanganywa, siwezi kuiingiza kwenye mshipa. Nataka vodka safi ya dukani, chupa iliyofungwa."

"Ingunn," nikasema, "ni Jumamosi jioni. Duka la pombe la serikali limefungwa. Na unajua sisi ni nani."

"Najua ninyi ni nani. Tafuta vodka, Aslaug."

Nilivuka uwanja wa Jarle kwa kukimbia, na sijakimbia tangu ujana. Alifungua mlango akiwa na fulana na soksi moja.

"Mama wa nyumba ya sala," akasema. "Umekuja kuniokoa?"

"Nimekuja kuomba vodka."

Ninaamini hakuna mahubiri yaliyowahi kumtuliza Jarle namna ile. Nilimweleza paka, choo, sumu. Hakucheka. Alitoa galoni la plastiki chini ya ngazi.

"Gongo. Nimepika mwenyewe. Kali kuliko ya dukani mara mbili."

Ingunn alikuwa bado kwenye simu mfukoni mwangu. Nikaitoa. "Anasema ana gongo."

"Hapana," ikasema simu. "Mwambie nimesema hapana, na yeye mwenyewe aache kuinywa hiyo."

Jarle akakuna kichwa. Akapanda ngazi, akarudi na chupa ndani ya sanduku lake, haijafunguliwa. "Nilikuwa naiweka kwa ajili ya kutimiza miaka hamsini. Ningewaendesha, jirani, lakini nimeshakunywa mbili. Sitaki kuua mtu ili kuokoa paka. Haya, nenda."

Tarald aliendesha. Mzee nyuma na Silke ndani ya koti lake. Mimi mbele, chupa mapajani. Na bonde zima ilibidi liwe barabarani, maana leo akina mama wanaandaa mnada wa mavuno na magari yamejaa mpaka njiani mbele ya nyumba ya sala. Tulisimama kupisha lori. Kioo changu kikagongwa. Margit.

"Dada Aslaug, afadhali nimekuona, ile keki ya..." Macho yake yakashuka mapajani mwangu.

"Ni ya paka," nikasema.

"Bila shaka," akasema Margit, taratibu sana.

"Margit, ondoa gari lako njiani."

Aliliondoa. Alilirudisha nyuma mpaka kwenye ua wa miwaridi, na niliona miwaridi ikilala.

Sasa hivi mlango umefunguka. Ingunn anasema sindano imeingia, dripu inatiririka, Silke amelewa chakari na anakoroma. Figo tutazijua baada ya siku chache. Mzee hataki kutoka. Nimekwenda garini kumwambia Tarald.

"Amesema nini?" akauliza. Hakuwa anauliza habari za paka.

"Hajasema kitu."

Tarald akatikisa kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoitarajia. Nikamwambia galoni nililitoa mimi. "Niliyemimina ni mimi," akasema. "Na kifuniko nilikiacha mimi."

Jumapili, 6 Oktoba

Sikwenda ibadani. Tarald alipanda mlimani peke yake, akaivuta kwa pampu ile dawa yote kutoka kila tundu, akaiweka kwenye galoni la taka za sumu, akaosha bakuli, akamimina ile ya waridi, akafunga kifuniko na kukiwekea jiwe. Alirudi mikono imepasuka kwa baridi. Mzee alikuwa mezani. Tarald alisema, "Nimeondoa yote, Baba." Mzee akatazama uji wake.

Niliosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nikimwona mzee kama mfiwa tu. Leo nimemwona pia ni mkaidi.

Jumanne, 8 Oktoba

Figo zimeumia, lakini si kabisa. Ingunn anasema, "Anakojoa. Nikiona paka anakojoa nami hulala." Tumeomba dua nyingi nyumbani kwetu, lakini sijawahi kuomba mkojo kwa bidii namna hii.

Ijumaa, 11 Oktoba

Silke amerudi. Mwembamba, amenyolewa mguu mmoja, na ana hasira na dunia. Figo zitabaki dhaifu. Ingunn anasema anaweza kuishi miaka, akipata chakula chake maalumu, na maji ya dripu chini ya ngozi kila baada ya siku moja, kwa sindano, hapa hapa nyumbani. Mzee amejifunza. Mimi namshika paka, yeye anachoma. Tarald huwa amepata kazi barazani wakati huo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeingia duka la pombe la serikali kwa mara ya kwanza maishani, kutafuta chupa ya kumrudishia Jarle. Muuzaji, binti mpole, akaniuliza naitaka kwa samaki au kwa nyama. Nikamwambia ya kwanza tulimpa paka. Akanielekeza rafu bila kuuliza tena.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mkutano wa akina mama. Nilipoingia sindano za kufuma zilinyamaza zote kwa pamoja, nikajua lori, kioo na chupa vimeshazunguka bonde mara tatu. Sikukaa. Nilisema nina neno.

Nikawaeleza kuanzia galoni mpaka dripu, na sikujificha popote. Kisha nikauliza, "Nani hapa, kwenye kibanda chake, anamimina mabaki ya dawa ya gari?"

Kikombe kikawekwa. Halafu mkono wa kwanza ukapanda, na ulikuwa wa Margit.

"Ni dhambi kutupa," akasema, karibu kwa hasira. "Mama yangu alifanya hivyo. Sote tunafanya."

Mikono mingine ikapanda, mmoja baada ya mwingine, karibu chumba kizima. Bibi mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba paka wao wa kibandani alikufa vuli moja, na vuli nyingine mwingine, wakadhani ni uzee.

Tumekubaliana: Jumamosi hii magari manne, tunapanda vibanda vyote na kubadilisha. Margit amejitwika mpango wenyewe, na anapanga kama jenerali. Nilimdhania mwanamke wa maua tu. Mlangoni alinishika mkono. "Na yule jirani yako wa vodka. Anakuja nasi Jumamosi?"

"Hakuna aliyemwalika."

"Basi mwalike. Ana lori."

Jumamosi, 19 Oktoba

Baridi kali, jua safi. Vibanda vyote vimekwisha. Jarle aliendesha lori akiwa mkavu kama biskuti, na akina mama walimlisha mpaka akaomba msamaha. Nilipompa chupa yake aliitazama. "Umeinunua wewe? Mwenyewe? Kaunta?" Nikasema ndiyo. "Hiyo siifungui," akasema. "Hiyo naitia fremu."

Mzee nilimweleza yote jioni, ile mikono iliyopanda chumba kizima. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani na paka, na safari hii sikumsikia akizungumza.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua ya barafu. Silke amekula bakuli zima.

Jumapili, 3 Novemba

Theluji ya kwanza imeshika vilele. Baada ya ibada ilikuwa zamu ya sindano. Nilikuwa nimeshafunga aproni na kunyoosha taulo, na mzee ametundika mfuko wa maji kwenye msumari wa saa, alipogeuka kuelekea baraza.

"Tarald. Njoo umshike."

Huko nje nyundo ikasimama. "Aslaug yupo."

"Aslaug amemenya vitunguu. Njoo."

Sikuwa nimemenya kitunguu chochote. Nilirudisha mikono nyuma ya aproni.

Tarald aliingia, akanawa mpaka viwiko kama daktari, akaja akasimama upande wa pili wa meza. Alimshika Silke kama mtu anavyoshika yai la mwenziwe. Mzee alivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiinua, akaacha sindano hewani.

"Ile dawa ya gari chooni," akasema, "nani alikufundisha?"

Tarald aliinua macho. "Wewe, Baba."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nabeba tochi."

"Mimi nakumbuka," akasema mzee. "Na mama yako alikuwa na paka kabla ya huyu. Wawili. Wote walikufa vuli." Akaingiza sindano, na maji yakaanza kushuka. "Basi. Mshike vizuri, asiruke."

Tarald akamshika. Uso wake sikuuona, aliuinamisha mpaka ukazama kwenye yale manyoya ya ufagio, na Silke, ambaye hamruhusu mtu yeyote ila mzee, akamwacha.